Waya Ulikuwa Umechomekwa

Si kweli kwamba gitaa lilikuwa la mapambo. Si kweli kwamba halikuwa na waya, wala kwamba waya ulifungwa kwenye mguu wa kiti ili wageni wauone tu. Waya ulikuwa umechomekwa, ncha moja kwenye gitaa na ncha ya pili kwenye spika, na spika ilikuwa imewashwa. Na wanaosema kwamba siku ile mzee wa watu aliumbuliwa na mshereheshaji mbele ya wakwe, akatokea mlango wa jikoni huku amejifunika uso, hao hawakuwepo, au walikuwepo lakini macho yao yalikuwa kwenye sahani. Wameyasema hayo saluni, wameyasema sokoni, na mmoja alithubutu kuyasema msibani kwake, jeneza likiwa bado sebuleni. Basi mambo yalivyokuwa ni haya.

Watu walimwita Solo, na jina hilo lilimganda hata kazini. Mchana alikuwa karani wa bohari ya vipuri vya magari, mtu wa koti la buluu na penseli nyuma ya sikio, anayeweza kukuambia kwa kuipapasa tu bolti ni ya gari gani. Mwisho wa wiki alipiga gitaa la solo katika bendi ya dansi iliyokuwa ikitumbuiza hotelini, na waliocheza dansi enzi zile hawakuhitaji kuambiwa ni nani anayepiga. Solo yake haikuwa ya kujionyesha. Mwimbaji alisema neno lake, gitaa likamjibu kwa noti chache, likanyamaza, mwimbaji akaendelea. Wimbo ulipofika kwenye chemko, pale maneno yanapokwisha, mwendo ukapanda na hata waliochoka wakainuka vitini, gitaa lilipewa uwanja lenyewe. Na hata hapo lilikuwa linazungumza na mtu, halijisemei ovyo.

Mtu huyo alikuwa mwimbaji wao, ambaye jina lake la mjini lilikuwa Leso, kwa sababu ya leso nyeupe ya kufutia jasho aliyokuwa akiitumia kuongoza bendi. Akiiinua juu, chemko linarudiwa. Akiitia mfukoni, wanafunga wimbo. Kwa hiyo Solo hakuwahi kuhesabu mizunguko maishani mwake, wala hakuwahi kuangalia vidole vyake. Jicho lake lilikaa kwenye leso, na mkono ulijua njia.

Bendi ikafa kama bendi nyingi zinavyokufa, bila ugomvi. Mpiga dramu alihamia kwa watoto wake, mpiga besi akaokoka akaacha dansi, hoteli ikauzwa. Wakabaki wawili, Solo na Leso. Halafu asubuhi moja, akinyoa ndevu, Solo aliona wembe unaanguka kwenye beseni, na alipotaka kuuokota mkono wa kushoto ukakataa. Hospitali walisema ni kiharusi kidogo, amshukuru Mungu. Mguu ulirudi, mdomo ukarudi. Mkono ulirudi nusu. Kidole gumba na cha shahada vilisikia amri, vile vitatu vingine vikabaki vimekufa ganzi, vimejikunja kama vya mtu aliyelala.

Alimkataza mkewe kumwambia mtu. Mkewe alikuwa mwalimu, na yeye mwenyewe alimwita Mwalimu, ndani na nje ya nyumba.

"Utawaficha mpaka lini?" alimwuliza.

"Mpaka virudi."

"Na visiporudi?"

Alikuwa amekaa akiminya mpira mdogo aliopewa na daktari. "Ukimtoa Solo solo, Mwalimu, anabaki nani?"

Mkewe aliuokota mpira ulipomtoka, akamrudishia kiganjani.

Kilichomtoa kitandani ni kompyuta. Binti yao aliyekuwa akifanya kazi mbali aliileta alipokuja kumjulia hali, imewekewa programu ya kusindikiza muziki. Unaandika akordi za wimbo kwenye kioo, unachagua mwendo, inakupigia dramu, besi, rithimu, hata kinanda. Solo alianza kwa dharau, akaishia kusogeza meza karibu na dirisha na kuvaa miwani. Besi aliikubali. Dramu aliisifu, akasema walau hii hailewi kazini. Taabu ilianzia kwenye gitaa la solo.

Programu ilikuwa na wapiga solo wa kuchagua, na yeye aliwapa majina. Wa kwanza alimwita Mfiwa, kwa sababu kila noti aliivuta na kuililia kama aliyepokea simu ya msiba. Wa pili aliitwa Mwizi, maana alipiga mbio mwanzo hadi mwisho kana kwamba anafukuzwa. Wa tatu alikuwa na noti laini za kusindikiza watu wanaokula, huyo akawa Mhudumu. Orodha ilikuwa na majina mengine chini yao, lakini ukiwasikiliza vizuri walikuwa wale wale watatu, wamebadili mashati.

"Watatu kwa muziki wa dunia nzima," alisema. "Bohari yangu ilikuwa na vioo vya pembeni vya aina nyingi kuliko hawa."

Aliwaandikia watengenezaji, kwa lugha yao, mkewe akisahihisha. Aliwaeleza kwamba kuna watu duniani ambao kwao gitaa la solo hujibu, hungoja, hurudia neno dogo moja mpaka wacheza dansi walielewe, na kwamba mitindo hiyo haimo kabisa. Wakamshukuru kwa heshima zote, wakasema ombi lake wameliweka pamoja na ya wengine, na kwa sasa wanamshauri ajaribu mpigaji mpya waliyemwongeza. Alimjaribu. Alikuwa Mfiwa mwenye kinanda nyuma yake.

Hapo ndipo dada yake alipokuja na habari ya harusi.

Dada huyo ni mtu mwenye moyo mzuri na mdomo mwepesi. Alikuwa anamwoza binti yake wa pekee katika nyumba ya watu wenye sauti mjini, na alikuwa na hofu ya kudharauliwa. Alikaa sebuleni, akapokea chai kutoka kwa wifi yake, akaeleza ukumbi, mapambo, keki. Solo alikuwa ameuweka mkono wa kushoto chini ya meza.

"Na muziki, kaka, nimeshawaambia wakwe. Nimewaambia mjomba wa bibi harusi ni Solo, na atapiga mwenyewe."

"Umewaambia kabla ya kuniuliza?"

"Nikuulize nini? Kama unajua kupiga gitaa?"

Alicheka mwenyewe. Mkewe alimtazama Solo juu ya birika, akimsihi kwa macho aseme sasa hivi. Solo alisema chai ni nzuri. Dada alipoondoka, mkewe alimwambia kila siku inayopita bila neno itaufanya uongo uwe mzito. Akajibu kwamba hajasema uongo, amenyamaza tu. Mkewe akasema kwa watu wanaongoja muziki hayo ni mamoja.

Tangu hapo nyumba ile haikupumua. Asubuhi mpaka jioni kulikuwa na akordi zile zile na wapiga solo wale wale, wimbo unaanzishwa, unakatwa, unaanzishwa tena. Mpango wake ulikuwa kwamba Leso aimbe mbele, kompyuta ipige vyote, na yeye aketi nyuma ya meza kama kiongozi wa bendi, mkono mapajani. Lakini kwa mpango huo solo ilibidi ifanane na yake, maana ukumbini wangekuwepo watu waliocheza dansi hotelini, na watu hao hawadanganyiki. Leso alipokuja kufanya mazoezi, akaimba beti mbili, alinyamaza na kukunja mikono.

"Huyu kijana wako anajibu," alisema, "ila anajibu swali la jana."

Leso aliambiwa habari za mkono siku hiyo, kwa kuwa haikuwezekana kumficha. Alitazama vile vidole muda mrefu, akaminya bega la mwenzake, halafu akasema waanze tena tangu mwanzo.

Mkewe ndiye aliyesema neno lililofungua mlango, naye hakujua kama analisema. Alikuwa chumba cha pili akisahihisha insha, na Mwizi alikuwa akikimbia kwenye spika, akamwambia mumewe bila kuinua kichwa, "Huyo mtu hapumui. Ni kama yule mwanafunzi wangu anayesoma ukurasa mzima bila kuona nukta."

Muziki ukakatika. Kimya kikawa kirefu hata mkewe akainuka kwenda kuangalia kama mzee ameanguka. Alimkuta anatazama ukuta.

"Ni nani kwenye bendi analazimika kupumua?" Solo alimwuliza.

"Mwimbaji."

"Na mwingine?"

Alijijibu mwenyewe: anayepuliza. Aliiambia programu kwamba katika wimbo huu anataka mpiga saksafoni, mzee, wa polepole. Ikampa. Halafu akaifuta sauti ya saksafoni, noti zile zile akazipa sauti ya gitaa. Kwa mara ya kwanza gitaa la kompyuta likasema neno, likanyamaza kuvuta pumzi, likasema lingine. Hakuwa yeye bado, lakini alikuwa mtu wa mtaa wa jirani. Kuanzia hapo alifanya kazi kama fundi anayechomoa vipuri kwenye gari lililosimama juu ya matofali. Alimwagiza mpiga saksafoni apige upya, akasikiliza, akachukua kipande kimoja kizuri, akatupa vingine, akamwagiza tena. Kipande hiki hapa, kile pale, nafasi katikati. Leso aliporudi na kuimba, gitaa lilimwacha amalize, likamjibu chini kwa chini. Leso akafumba macho.

"Sasa amenisikia," alisema.

Ilibaki chemko. Kompyuta ilikuwa na mizunguko iliyohesabiwa, ikifika mwisho inafunga wimbo, hata kama ukumbi mzima umeinuka. Palikuwa na kitufe cha kuirudisha, lakini sharti kibonyezwe kabla mzunguko haujaisha. Solo alimwambia Leso kwamba siku ya harusi leso ibaki mfukoni.

"Nitaimbaje nimefungwa mikono?"

"Hujafungwa mikono, umefungwa leso. Mashine haina macho. Ukiinua, nitaiona mimi, si yenyewe."

"Basi ukiiona, bonyeza."

"Nikiiona nitabonyeza."

Walipeana mikono, ya kulia.

Dada yake aliujua ukweli harusi ikiwa imekaribia, kwa ajali. Alimletea kaka yake shati la sherehe kwenye sanduku, akamkabidhi ghafla mlangoni, sanduku likateleza kati ya vidole na kuanguka. Aliokota shati, akaokota na mkono wa kaka yake, akaugeuzageuza. Alilia kidogo. Kisha alijifuta, na mawazo yake yakarudi kwa wakwe.

"Basi utalishika tu," alisema. "Utalipakata, kompyuta itapiga. Nani atajua?"

"Mimi."

"Kaka, nimeshawaambia. Wakisikia muziki wa mashine watasema hata mjomba tulimkodi. Kwa ajili ya mtoto wako huyu. Lishike tu."

Mkewe aliingilia, akasema jambo hilo haliwezekani, afadhali wageni waambiwe mapema kwamba mjomba anaumwa, hakuna aibu katika ugonjwa. Wifi mtu akamjibu kwamba yeye Mwalimu hajui ndoa zinavyovunjikia kwenye maneno madogo. Sauti zilipanda. Solo aliacha zipande, halafu akasema kwa upole kwamba atalishika, kwa sharti moja.

"Gitaa lisilochomekwa silishiki. Waya utaingia kwenye spika na sauti itakuwa juu. Mkono ukigusa, isikike ilivyo."

Dada alikubali haraka, maana hakuelewa alichoambiwa. Mkewe alielewa, na usingizi ukamwisha.

Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, feni kubwa zisizopoza kitu, na jukwaa dogo upande wa kushoto. Solo aliketi nyuma ya meza yake, kompyuta mbele, gitaa mapajani, waya ukiteremka mpaka kwenye spika. Mkono wa kushoto aliuweka juu ya goti, si kwenye shingo ya gitaa. Hili na lieleweke: hakuigiza. Wimbo wa kwanza ulipigwa na mkono wake haukupanda wala vidole havikuchezacheza hewani. Aliyetaka kuona angeona. Lakini watu huona wanachotarajia, na mshereheshaji, kijana mwenye suti inayong'aa na kipaza sauti kisichomtoka mdomoni, alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba leo mnasikia vidole vyenyewe. Mkewe, aliyekaa meza ya pili, alimwona mumewe akiinama kidogo aliposikia neno hilo, kama mtu aliyerushiwa kitu.

Wimbo wa pili ulikwenda vizuri mno, na huo ndio uliokuwa mtego. Mzee mmoja aliyecheza dansi hotelini enzi zile alisimama, akaelekeza kidole jukwaani, akamwambia jirani yake kwa sauti kwamba hata usingizini angemtambua huyu. Watu wakapiga makofi. Dada wa Solo alitembea kati ya meza za wakwe akiwa amesimamisha kichwa. Solo hakutabasamu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na mkono wa kulia ulipapasa ukingo wa meza, ukikitafuta kitufe kabla ya wakati wake.

Wimbo wa tatu ukaingia kwenye chemko. Bibi harusi akavua viatu. Wakwe wakainuka, mstari ukajipanga kuzunguka ukumbi, watu wazima na watoto, na Leso, ambaye kwa miaka hakuwa ameona ukumbi uliosimama hivyo, alijisahau. Mkono wake uliingia mfukoni ukatoka na leso, leso ikapanda juu, nyeupe, ikazungushwa.

Solo aliiona. Alikuwa ameahidi kubonyeza, na kidole cha kulia kilikuwa karibu kabisa na kitufe. Lakini leso ile haikuwahi kumwambia abonyeze kitu. Ilikuwa inamwambia apige. Mkono wa kulia ukaondoka kwenye meza ukashuka kwenye nyuzi, wa kushoto ukapanda kwenye shingo ya gitaa, wenyewe, kama ulivyopanda kila mara leso ilipoinuka. Na kompyuta, ambayo haikuambiwa lolote, ikapiga dramu zake za mwisho, ikafunga wimbo.

Ukumbi ukabaki na mguu mmoja hewani. Feni zikasikika. Katika kimya hicho likatoka gitaa la kweli, kwa sauti kubwa, maana spika ilikuwa juu: noti moja safi, ya pili safi, ya tatu imekufa chini ya kidole kisichobana.

Mtu alicheka meza za mbele. Leso aligeuka, uso umemshuka, leso bado iko juu. Mkewe alishika ukingo wa kiti chake ili asiinuke, kwa kuwa alijua akimwendea atakuwa amemaliza kila kitu. Dada alikuwa amesimama katikati ya wakwe, na midomo yake ilikuwa inasema bonyeza, bonyeza, bila sauti.

Hakubonyeza. Alipiga zile noti tena, gumba na shahada, na ile ya tatu akaiacha, akaweka nafasi mahali pake. Leso akaelewa. Aliimba mstari mmoja, bila dramu, bila besi, akanyamaza. Gitaa likamjibu noti mbili. Akaimba tena, likamjibu. Hapakuwa na uzuri mkubwa hapo, na familia haijawahi kudai kwamba ulikuwepo. Uzi mmoja ulikwaruza vibaya. Walikwenda hivyo kwa mistari michache tu, bibi harusi akipiga makofi peke yake, kisha Solo aliulaza mkono juu ya nyuzi zikanyamaza, akavuta kipaza sauti cha Leso.

"Mkono wangu uliugua," alisema. "Nyimbo mlizosikia zimepigwa na kompyuta. Nimezichagua mimi kipande kwa kipande, lakini hazikupigwa na vidole hivi. Hiki cha mwisho ndicho changu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemfichua. Mshereheshaji alikuwa mlangoni anazungumza kwenye simu, na aliporudi alipata mzaha wake akiwa amechelewa, akasema kumbe tumetumbuizwa na jenereta. Wapo waliocheka. Mzee yule wa hotelini hakucheka, alikaa chini taratibu akamtazama Solo kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kukaa.

Na Solo hakukimbia. Alibonyeza kitufe, akapiga nyimbo zote zilizobaki kama alivyoahidi, gitaa likiwa limelazwa kitini pembeni yake, waya ukiwa ndani. Watu walicheza. Sherehe ilipokwisha aliuchomoa waya mwenyewe, akaukunja kwa mkono wa kulia akiuzungushia kiwiko, akatoka mlango mkubwa wa mbele, mkewe nyuma yake amebeba kompyuta. Dada yake alimngoja kwenye ngazi.

"Umeniaibisha, kaka."

"Nimejisema mwenyewe," alimjibu. "Wewe sema ulikuwa hujui. Nitakuitikia."

Ndoa ile ipo mpaka leo, ina watoto, haikuvunjikia kwenye neno dogo wala kubwa. Solo aliishi baada ya hapo na kufanya kazi kwenye ile meza ya dirishani, akiwaandikia wale watengenezaji kila programu ilipotolewa upya, akidai mpiga solo anayejua kungoja. Leso alikuja kuimba, leso yake mezani mbele ya kompyuta, wakicheka. Solo alifariki kwa ugonjwa wa moyo, na hakuna daktari aliyeandika aibu kwenye cheti.

Wanaotaka kujua zaidi wanauliza alisema nini kwenye gari usiku ule, alipokuwa amekaa na gitaa magotini, mkewe anaendesha. Alisema jambo, na alimwambia mkewe. Mkewe yu hai, ana akili zake timamu, na hatalisema.